Si Kazi ya Polisi

Askari wa zamu aliusoma ule mkataba mara mbili, akaigeuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna kitu kingine, hakukuta kitu, akairudisha juu ya kaunta.

"Mama, huyu mtu alikuibia?"

"Hakuniibia. Nilimuuzia mashine."

"Akakataa kulipa?"

"Hajakataa. Anasema atalipa."

"Sasa unataka sisi tufanye nini?"

Nyatichi aliisukuma karatasi tena upande wa askari. Asubuhi ile hakufungua kibanda chake cha ndizi pale soko la Migori. Alivaa viatu vya kanisani, akapanga foleni tangu saa mbili nyuma ya mwanamume aliyepigwa na ndugu yake na msichana aliyepoteza kitambulisho. Wote wawili waliandikwa kwenye lile daftari kubwa, wakapewa namba, wakaenda zao wakiwa na uso wa mtu aliyehudumiwa. Alidhani na yeye angeandikwa.

"Mumwite," alisema. "Mumwulize nyinyi. Akiona polisi atapata pesa."

Watu waliokaa kwenye benchi walicheka kidogo. Askari hakucheka. Alikuwa koplo wa makamo, Maranga jina lake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeeleza jambo hilohilo mara nyingi.

"Hiyo ni civil, mama. Si kazi ya polisi. Mtu akiwa na deni lako na hajalikana, unampeleka kotini, unafungua kesi ya madai. Sisi tunashika wezi. Huyu si mwizi. Huyu ni mtu hana pesa."

"Na mimi ambaye sina pesa?"

"Wewe pia si mwizi," alisema Maranga, na safari hii benchi zima likacheka. "Anayefuata."

Nyatichi aliikunja karatasi yake, akaitia ndani ya Biblia, Biblia akaitia mkobani. Mashine yenyewe ilikuwa ya kusagia mawe ya dhahabu, ya marehemu mumewe Orina, na alikuwa amemuuzia Rispa, mchimbaji wa Masara, kwa shilingi elfu tisini. Rispa alitoa elfu arobaini siku ileile, kisha elfu sita, kisha elfu sita tena. Halafu mvua za masika zikajaza maji mashimo ya Masara, wachimbaji wakatawanyika, na mashine ikakaa bila mawe ya kusaga. Zilibaki elfu thelathini na nane. Na wiki iliyopita chuo cha uuguzi kule Homa Bay kilimwandikia Liz, bintiye wa pekee, kwamba bila kumaliza elfu thelathini na moja za karo hataingia chumba cha mtihani.

* * *

"Bwakire, mama."

Aliyemwamkia alikuwa ameegemea ukuta nje ya lango la kituo, bila sare, miwani ya jua imepandishwa kwenye paji la uso. Kumsikia mtu akimwamkia kwa Kigusii katika mji ule kulimfanya Nyatichi asimame kabla hajajua kama anataka kusimama. Mtu huyo alisema anaitwa Mayaka, ni askari kanzu, na alikuwa ndani wakati Maranga akimjibu.

"Maranga amekueleza sheria," alisema. "Mimi nitakueleza jinsi ya kupata pesa."

Waliingia kwenye kihoteli cha chai kando ya barabara. Nyatichi alilipia chai mbili na maandazi manne, na Mayaka akala matatu. Aliomba elfu mbili za mafuta ya gari la kwenda Masara. Kisha akatoa karatasi ya mistari na kuanza kuandika, huku akiuliza maswali bila kuinua kichwa.

"Siku ya kumpa mashine, alikuambia atatoa wapi hizo zingine?"

"Alisema atalipa akipata dhahabu."

"Akipata, au alisema anayo?"

"Akipata."

Mayaka aliacha kuandika. "Sikiliza, mama. Ukisema 'atapata', hiyo ni ahadi, na ahadi ni civil, utazunguka nayo mpaka mtoto azeeke. Ukisema alikuambia 'ninayo', na kumbe hakuwa nayo, huo ni uongo wa kuchukulia mali ya mtu. Hapo ni jinai. Namshika leo. Ni herufi chache tu."

"Lakini hakusema hivyo."

"Pesa amekupa?"

"Hajanipa zote."

"Basi." Aliendelea kuandika. Alipomaliza alimsomea: kwamba Rispa alimwambia tayari ana gramu thelathini za dhahabu iliyopimwa, anangoja mnunuzi tu, na kwamba Nyatichi alimpa mashine kwa kuamini maneno hayo. Katika kinywa cha Mayaka maneno yalisikika kama jambo lililotokea kweli.

Nyatichi alimfikiria Liz, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amemtaja sokoni kwa kila mteja, daktari wangu, nesi wangu, hata kwa watu walionunua ndizi mbili. Akachukua kalamu, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa.

* * *

Rispa alishikwa Ijumaa saa tisa alasiri. Nyatichi hakuwepo. Alisimuliwa sokoni na mwanamke wa dagaa aliyetoka Masara: kwamba alikutwa akisafisha mchanga kwenye karai, akaomba anawe mikono, akakatazwa, akapandishwa gari mikono inachuruzika maji ya udongo. Mwanamke wa dagaa alisimulia huku akipima mkebe, hakujua anamsimulia nani.

Baadaye Mayaka alipiga simu. "Tunaye. Jumatatu anaenda kotini. Hapa katikati ndipo watu wake watatafuta pesa. Wewe tulia."

Alitulia. Jua lilizama, Sabato ikaingia, naye akakaa ndani ya vyumba vyake viwili pale Oruba bila kuwasha redio.

Jumamosi asubuhi alienda kanisani. Kwa miaka miwili tangu Orina azikwe, yeye na Rispa walikuwa wakisimama bega kwa bega kwenye sauti ya pili ya kwaya, na baada ya ibada Rispa alimfuata nyumbani, wakala, wakalala kidogo kwenye viti, wakaongea hadi jioni. Nyatichi hakujua Kijaluo cha kutosha na Rispa hakujua Kigusii hata kidogo, kwa hiyo Kiswahili chao walikiunda wenyewe, cha makosa mengi, na ndicho alichokizoea kuliko lugha ya mamake. Mji mzima ulimwita Mama Ndizi. Rispa peke yake alimwita Min Liz, mama yake Liz.

Hata miezi hii ya deni Rispa hakuacha kuja. Ajabu ni kwamba mezani deni halikutajwa. Lilitajwa kwa simu tu, siku za kazi: *Rispa naomba ile yangu.* Na Rispa akijibu: *Mos Min Liz, pole, maji bado.* Sabato ikifika walikula pamoja kana kwamba hizo jumbe ziliandikwa na wanawake wengine wawili. Na kuhusu chuo na barua ya Liz, Nyatichi hakusema neno. Angeanzaje, baada ya majivuno ya mwaka mzima?

"Mama Ndizi, mwenzako yuko wapi leo?" aliuliza kiongozi wa kwaya.

"Sijui," alisema Nyatichi, na akaufungua wimbo.

Nyumbani alipakua chakula, na sahani zilipokuwa mezani akaona kuwa ni mbili. Aliila ya kwanza nusu, ya pili akaifunika. Alasiri ilikuwa ndefu. Jirani alipita mlangoni na kusema tu kwamba kuna joto.

* * *

Jumapili hakuweza kukaa. Alipika uji wa wimbi, akautia kwenye chupa ya chai, akafunga viazi vitamu viwili kwenye kitambaa, akaenda kituoni. Nyuma ya kaunta alikuwa Maranga.

"Wewe si yule mama wa civil?"

"Nimemletea Rispa chakula. Rispa wa Masara."

Maranga alifungua daftari, akapitisha kidole juu ya mistari, kikasimama. Akainua macho.

"Hapa imeandikwa mlalamikaji ni wewe."

"Ndiyo."

"Mlalamikaji haleti chakula kwa mtu aliyemshtaki, mama. Akiumwa tumbo usiku nitasema nini?" Hakuwa akimtania. Aliisukuma chupa taratibu hadi ukingoni mwa kaunta, upande wa Nyatichi. "Na ile Jumatatu nilikuambia ni civil. Nani alikuambia vingine?"

Nyatichi aliichukua chupa yake. Aligeuka kuondoka, na ndipo akamwona Elkanah, mume wa Rispa, ameketi mwisho wa benchi na chupa ya chai kama yake katikati ya magoti. Alikuwa amesafiri kutoka Lambwe, kwenye shamba lao, na alikuwa bado na matope kwenye buti. Mtu mrefu, mpole, asiyependa miji. Alisikia kila kitu.

Walitoka wakasimama chini ya ukuta.

"Mama," alisema Elkanah, "nimewaambia watu wa nyumbani labda ni makosa ya polisi. Kumbe ni wewe kweli."

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Liz anafukuzwa chuoni. Mtihani ni wiki ijayo."

Elkanah alifikiri. Hakukasirika, na jambo hilo lilikuwa gumu kustahimili. "Basi nitauza ng'ombe," alisema mwishowe. "Nina maksai wawili wa kulimia. Siku ya soko nitampeleka mmoja Ogwedhi. Akifika bei nitakupa zote thelathini na nane, na wewe uandike barua ya kuondoa kesi. Ni sawa?"

"Na yule atakayebaki?"

"Mmoja halimi peke yake. Tutaona."

Zilikuwa siku za kulima. Nyatichi aliyajua hayo, na alijua pia kwamba Mayaka hakukosea: siku mbili tu za mahabusu na pesa zilikuwa zimepatikana, zilikuwa zimesimama mahali fulani Lambwe zikila nyasi.

"Ni sawa," alisema.

"Ero kamano," alisema Elkanah, asante. Kisha akarudi kwenye benchi kungojea aruhusiwe kumwona mkewe.

Nyatichi aliubeba uji hadi nyumbani. Ulikuwa bado moto, akaumwaga.

* * *

Jumatatu Mayaka alimngoja kwenye uwanja wa korti. "Sema kama ulivyoandika," alimwambia. "Usiongeze, usipunguze."

Kabla ya mtu kusimamishwa mbele ya hakimu, jalada lake lilipitia kwa kiongozi wa mashtaka, mwanamke kijana aliyeitwa Millicent, mwenye chumba kidogo kilichojaa mafaili hadi dirishani. Alisoma karatasi ya Mayaka, akasoma mkataba, akaomba simu ya Nyatichi, akasoma jumbe moja baada ya nyingine. *Naomba ile yangu. Maji bado.* Kisha akamwomba Mayaka atoke nje.

"Afisa anaweza kubaki," alisema Mayaka.

"Afisa atatoka," alisema Millicent.

Mlango ulipofungwa, aliivuta karatasi mbele yake. "Mama, huyu alikulipa elfu arobaini siku ya kwanza, akalipa mara mbili tena. Mtu anayekutapeli hakulipi mara tatu. Kwa hiyo kesi yote inasimama juu ya huu mstari mmoja, wa gramu thelathini. Siku hiyo mlikuwa wapi?"

"Kwangu nyumbani. Oruba."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna. Sisi wawili."

"Basi ni neno lako na neno lake. Ukiniambia alisema anayo, nitamshtaki leo, na wewe utaapa mbele ya hakimu. Niambie polepole. Alisema anayo, au alisema atapata?"

Nyatichi alitazama mikono yake. Mtihani wa Liz ulikuwa wiki moja mbele. Soko la Ogwedhi lilikuwa karibu zaidi ya hapo. Neno moja, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumpinga isipokuwa mmoja, aliyekuwa chini kule kwenye chumba cha mahabusu.

Siku ile aliikumbuka yote. Rispa alihesabu noti juu ya kitambaa cha meza, akazisukuma kwake, kisha akamzuia mkono kabla hajazichukua. Akasema: Min Liz, sina kingine ila hizi. Zilizobaki nitazitoa kwa hii mashine yenyewe, ikifanya kazi. Kama unaogopa, usinipe, sitakasirika. Na yeye Nyatichi akamjibu: Chukua. Heri ifanye kazi kwako kuliko iliwe na kutu kwangu.

"Alisema atapata," alisema.

"Una hakika?"

"Aliniambia kama naogopa nisimpe. Mimi ndiye niliyesema chukua."

Millicent aliiweka kalamu chini. Nje kulikuwa na mtu akiita majina ya washtakiwa, moja baada ya jingine.

"Unajua kwa hii karatasi ningeweza kukufungulia jalada wewe?"

"Sasa najua."

"Nani aliiandika?"

"Askari Mayaka. Lakini sahihi ni yangu."

Millicent alichora mstari mrefu kukatiza ukurasa wa mbele wa jalada, akaandika maneno machache chini yake. "Nitaongea na mkubwa wa huyo askari. Wewe nisikilize. Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Hatufungi mtu kwa sababu hana pesa. Lakini deni lako bado ni deni, na haki yako haijafutika. Nenda mahakama ya madai madogo na huu mkataba. Fomu utapewa, wakili huhitaji. Utamwambia hakimu kile ulichoniambia mimi sasa hivi, na hicho kitatosha."

"Itachukua muda gani?"

"Si wiki moja," alisema Millicent.

Koridoni Mayaka alikuwa bado amesimama. Alitazama uso wa Nyatichi, akaelewa. "Umemrudishia pesa yako mwenyewe," alisema kwa Kigusii, akaishusha miwani machoni, akaenda. Elfu mbili za mafuta zilikwenda naye.

* * *

Rispa alitolewa saa saba. Askari alimrudishia viatu, kitambaa cha kichwa na simu iliyokufa chaji. Alivaa kila kimoja taratibu, akiwa ameshika ukuta. Udongo wa Masara ulikuwa umekauka mikononi hadi kwenye viwiko, mweupe kama chokaa. Elkanah alisimama karibu naye bila kumgusa.

Nyatichi alikuwa amejiandalia maneno. Alipofika mbele yake yalikuwa yamekwisha. Alimgeukia Elkanah kwanza.

"Ng'ombe usiuze. Hakuna kesi tena."

Elkanah aliitikia kwa kichwa.

"Rispa," alisema Nyatichi.

Rispa alimaliza kufunga kitambaa. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Elkanah ameniambia habari ya Liz. Tangu lini ulijua?"

"Wiki mbili sasa."

"Wiki mbili. Na katikati yake kuna Sabato nimekula kwako." Alimtazama, kama anayesubiri mwenzake ahesabu. "Ungeniambia, ningeiuza mashine kwa hasara. Kuna mtu wa Macalder alitaka kunipa elfu thelathini na tano. Nilikataa kwa sababu nilidhani huna haraka."

"Niliona aibu."

"Kuniambia uliona aibu," alisema Rispa. "Kunifunga hukuona."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Kisha wakatoka, yeye na mumewe, yeye mbele, wakavuka uwanja wa korti katikati ya watu waliokuwa wakila mahindi ya kuchoma, na Nyatichi akabaki karibu na mlango wa mahabusu, hata askari akamwuliza kama anamngoja mtu.

* * *

Liz hakuufanya mtihani. Alirudi kutoka Homa Bay na sanduku lake na sare nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki, akakaa nyumbani miezi saba akimsaidia mamake kupakua ndizi. Siku ya pili tu alisikia habari sokoni.

"Ni kweli, mama? Auntie Rispa alilala ndani?"

"Siku tatu."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu," alisema Nyatichi.

Liz aliendelea kupanga ndizi. Tangu hapo hakumtaja tena Rispa, na Nyatichi aliona kwamba mtoto ameanza kumficha mambo madogo madogo, simu alizopigiwa, nauli aliyopungukiwa, kama watu wanavyomficha mtu asiyejulikana atafanya nini akijua.

Kesi ya madai ilisikilizwa baada ya miezi miwili. Nyatichi na Rispa walikaa benchi moja kwa sababu benchi lilikuwa moja, na Rispa akaweka mkoba wake katikati. Walipoitwa, mwamuzi alimwuliza Rispa kama analikubali deni.

"Nalikubali. Sijawahi kulikataa."

"Unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?"

"Elfu tatu."

"Mama, unakubali?"

"Nakubali," alisema Nyatichi. Ilichukua muda mfupi kuliko kununua mkate. Katika maisha yake hakuwahi kupewa kitu kwa urahisi namna ile, na alipotoka nje hakukuwa na wa kumweleza.

Rispa hakurudi kwenye kwaya. Maji yalipopungua Masara mashine ilifanya kazi miezi michache, kisha ikasemekana ameihamisha na yeye amerudi Lambwe kwa mumewe, anasali kanisa la huko. Lakini kila tarehe tano, kabla ya saa nne asubuhi, simu ya Nyatichi ililia mkobani katikati ya ndizi: elfu tatu, kutoka kwa Rispa. Hakukosa mwezi hata mmoja. Mwezi wa tatu wa kulipwa Nyatichi alimwandikia: *Nimepata. Asante. Habari za nyumbani?* Hakujibiwa. Mwezi wa sita akaandika kwamba Liz amerudi chuoni. Hakujibiwa. Hata hivyo alijikuta akiingoja tarehe tano kuliko alivyozingoja pesa zenyewe, maana jina lile lilikuwa likitokea kwenye kioo cha simu, na kwa dakika ile alijua kwamba mahali fulani Rispa amekaa, ameishika simu yake, ameandika jina lake.

Mwezi wa kumi na tatu ziliingia elfu mbili. Hizo zilimaliza.

* * *

Karani wa korti alimpa hati ya kufunga jalada. Ilitaka sahihi mbili. Angeweza kuituma kwa gari la parseli, na karani alimshauri hivyo, lakini Nyatichi alifunga kibanda siku ya Jumatano akaipeleka mwenyewe. Alipitia Homa Bay, akamwachia Liz pesa za matumizi langoni mwa chuo, na kufika saa sita alikuwa anatembea kwa miguu ndani ya bonde la Lambwe, katikati ya mashamba ya mahindi yaliyoanza kutoa ndevu, akiuliza kwa kila aliyekutana naye boma la Elkanah liko wapi.

Rispa alikuwa akianika mtama kwenye turubai. Alimwona kutoka mbali, akasimama, akajipangusa mikono kwenye leso. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimkaribisha vizuri, kama anavyokaribishwa mtu wa serikali: kiti chenye mgongo kikaletwa nje kivulini, maji ya kunawa, chai ya maziwa, mkate uliopakwa siagi kwenye sahani ya wageni. Aliuliza habari za safari. Aliuliza habari za Liz, akasikia kwamba atamaliza mwakani, akasema Mungu asifiwe. Elkanah alikuwa shambani. Ng'ombe walikuwa wazima.

Nyatichi alitoa hati. Rispa aliisoma yote, kila mstari, midomo ikicheza bila sauti, kisha akaenda ndani akarudi na kalamu yake mwenyewe. Akatia sahihi. Nyatichi naye akatia.

"Kunywa chai, itapoa," alisema Rispa.

Alikunywa. Alitaka kusema kwamba tangu siku ile hakupika Sabato, kwamba huwa anakula mkate tu na kulala. Alitaka kuuliza kama siku moja, si leo, siku yoyote. Kuku walipita kati ya miguu yao. Rispa aliutazama mtama wake, akaugeuza kwa mkono hapa na pale, na ilionekana wazi kwamba alikuwa na kazi nyingi na adabu nyingi, na kwamba vyote viwili vingemtosha mpaka mgeni aondoke.

Alimsindikiza hadi kwenye ua wa ojuok, minyaa iliyozunguka boma, pale njia ya boma inapokutana na barabara, akasimama.

"Basi tumemalizana, mama," alisema, akanyoosha mkono.

Alimwita mama, kama anavyoitwa kila mtu.

"Tumemalizana," alisema Nyatichi, akaushika mkono ule. Ulikuwa mkavu na wenye vumbi la mtama, na ulijiondoa wenyewe.

Barabarani alingoja gari kwa muda mrefu. Kulikuwa na mwanamke mzee ameketi kwenye jiwe na kikapu cha mboga, akamsemesha kwa Kijaluo, na alipoona hajibiwi akahamia Kiswahili.

"Wewe si wa huku. Ulikuja kwa nani?"

"Kwa rafiki."

"Umemkuta?"

Nyatichi aliangalia upande wa boma. Ua ulikuwa umeficha kila kitu, nyumba, turubai na mtu.

"Alikuwepo," alisema.